Maswali na Majibu: Kofia ya Baiskeli ya Dola 300, Unalipia Nini?

Wiki hii barua nyingi zimehusu kofia za baiskeli, hasa zile ambazo bei yake inatosha kununua baiskeli nyingine ya mtumba. Twende moja kwa moja.

Fundi, kampuni ya Specialized wana kofia ya Align II ya kama dola 60 na S-Works Prevail 3 ya dola 300. Hiyo ya pili inalinda kichwa mara tano zaidi? – Msomaji, Nairobi

Hapana, wala haikaribii. Maabara ya kofia ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marekani, ilianza mwaka 2018 kuzigonga kofia za baiskeli na kuzipa nyota. Hizo mbili ulizotaja zote zimewahi kupata nyota tano, ambacho ndicho kilele.

Kabla ya nyota, kila kofia halali hupita mtihani wa chini. Ule wa Ulaya, EN 1078, huivalisha kofia kichwa cha bandia na kukidondosha kutoka kama mita moja na nusu hadi kwenye chuma bapa. Mshtuko unaofika kichwani haupaswi kuzidi g 250, yaani mara 250 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ya bei rahisi imepita hapo, ya bei ghali nayo imepita hapo. Hata mali ghafi ni ile ile: polistaireni, povu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Kazi yake ni kubonyea ili kichwa kisisimame ghafla.

Sasa dola 240 za ziada zimekwenda wapi? Shika Prevail 3 mkononi uitazame juu ya paji. Matundu ni makubwa kiasi kwamba utajiuliza povu liko wapi. Waliondoa madaraja ya povu yaliyokuwa yanakatiza matundu, badala yake wakafuma nyuzi imara za aramidi ndani ili kofia isipasuke vipande ikigonga. Hiyo ni kazi ya uhandisi na inagharimu. Lakini angalia ilifanywa kwa ajili ya nini: upepo na wepesi. Usalama ulibidi ulindwe *licha ya* matundu hayo.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi: mwaka 2019 kampuni ya baiskeli ya Trek, kwa jina lao la Bontrager, walitoa kofia nne zenye WaveCel, wavu wa plastiki unaokunjika ndani ya kofia. Mbili ziliuzwa dola 150, mbili dola 300. Zote nne zilipata nyota tano. (Madai yao kwamba WaveCel ni bora hadi mara 48 kuzuia mtikisiko wa ubongo yalizua ugomvi mkubwa, na watu wa MIPS, kampuni yenye kinga shindani ya ndani ya kofia, waliyapinga waziwazi.)

Muuzaji ananiambia niongeze pesa nichukue yenye MIPS, ile plastiki ya manjano ndani. Ni kweli au ananila? – Mwanza

Hapo hakuli. Ongeza.

Ukianguka kutoka kwenye baiskeli, mara nyingi kichwa hakishuki wima kama nazi. Kinafika kwa mshazari, kofia inashika lami, kichwa kinazungushwa ghafla. Ubongo unachelewa kuufuata mzunguko huo, na hapo ndipo unapovutika na kuumia. Mtihani wa kudondosha wima hauoni jambo hilo. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mtafiti Peter Halldin walianza kulifanyia kazi Stockholm katika miaka ya 1990, na matokeo yake ni hiyo plastiki nyembamba inayoteleza milimita 10 hadi 15 kofia inapogonga.

Ila jambo ambalo muuzaji huenda hakukwambia ni kwamba MIPS sasa ipo hata kwenye kofia za dola 60. Pia si njia pekee: kampuni ya Lazer wana KinetiCore, ambayo ni vijiti vya povu vilivyochongwa ndani ya kofia yenyewe, na kofia yao ya Tonic inauzwa chini ya dola 100.

Kwenye mashindano ya dunia hapa Kigali 2025 kila mtu alivaa kofia ghali. Si wao ndio wanaojua? – Kigali

Wanajua, lakini hawanunui. Wanapewa na wadhamini. Pia mbio zao si zako: siku ile wanaume walipanda na kushuka kilomita 267.5, na kwao wati chache zinazookolewa na kofia laini isiyokamata upepo zinaweza kuamua nani anapanda jukwaani. Ukienda kazini kwa kilomita 18 kwa saa, hizo wati hazipo. Tena waendeshaji wa mashindano walipinga kofia kwa miaka. UCI, shirikisho la baiskeli duniani, iliwalazimisha mwaka 2003, baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kufa kwa kuanguka kwenye Paris–Nice.

Naendesha saa tatu nne kila Jumamosi, Mombasa hadi Kilifi na kurudi. Joto linaniua. – Mombasa

Wewe ndiye mtu wa kwanza wiki hii ninayeweza kumwambia alipe zaidi bila kumuonea huruma. Kofia yenye njia za hewa zinazotoka mbele hadi nyuma, inayokaa mbali kidogo na paji la uso, utaihisi kila dakika. Kofia usiyoivumilia utaivua ukifika Mtwapa. Ila epuka zile za mtindo wa kukata upepo, zilizozibwa juu. Nazo ni ghali, lakini kwa jua la pwani ni adhabu.

S-Works ya mtumba sokoni, au mpya ya mtandaoni kwa dola 40? – Arusha

Zote mbili acha. Ya mtumba huwezi kujua iliangukaje. Povu likishabonyea halirudi, na ganda la juu linaweza kubaki linang'aa bila ufa. S-Works "mpya" ya dola 40 ni bandia, na bandia nyingi hazina zile nyuzi za ndani nilizozieleza juu. Kibandiko cha EN 1078 nacho kinachapishwa popote. Kwa dola 40 hizo, chukua kofia halisi ya kampuni inayojulikana, hata kama haina jina la kutambia.

Dada yako nina rasta. Kila kofia inakaa juu kama kisahani. – Nakuru

Dada, nenda dukani na nywele ulivyozisuka, usizifungue ili kofia ikae. Rasta zifunge chini, usawa wa shingo, zipite chini ya kile kizungusho cha nyuma cha kukazia kofia. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi. Kisha, bila kufunga mkanda, inama na utikise kichwa: ikidondoka, si yako, hata iwe ya dola 300. Ukibadilisha mtindo wa nywele, rekebisha upya.

Helmeti ya bodaboda ninayo tayari. Si nitumie hiyo? – Morogoro

Kwa kwenda dukani, bora hiyo kuliko kichwa kitupu. Kwa mlima wowote, utaivua kabla ya kufika nusu.