Uliza Fundi: Nikikanyaga mbele mota imelala, nikizungusha nyuma inaamka

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Moshi, Majengo, nina baiskeli ya mtumba ya gia nimefungiwa mota ya habu (inayokaa kwenye kitovu cha gurudumu) tairi la nyuma na betri ya 36V 10Ah, natumia kupeleka mzigo Kibosho. Siku zote ilikua ya eksileta tu na betri inakata kabla sijafika juu. Nikashauriwa nifunge sensa ya pedeli, ile yenye kiduara cha sumaku kwenye krenki (mkono wa pedeli) inayowasha mota ukizungusha pedeli, fundi wa mtaani akaifunga kushoto, ila ajabu nikikanyaga mbele mota haishtuki, nikizungusha pedeli kinyumenyume ndo inawaka. Fundi anasema kontrola (kaboksi kanakoongoza umeme wa mota) imekufa ninunue nyingine. Ni kweli? – Dada wa Majengo

JIBU: Marahaba dada. Usinunue kontrola kwanza. Kontrola iliyokufa haiwashi mota ukikanyaga mbele wala nyuma, hiyo yako inawasha na inaisikiliza sensa vizuri tu, shida ni kwamba inasomewa mbele kama nyuma. Kwenye kale kaboksi ka sensa kuna vidude vinavyohisi sumaku, kila sumaku ikipita vinatuma pigo moja la umeme, na lile pigo muda wake wa kuwaka na wa kuzima haulingani, sasa kontrola inaangalia upi mrefu upi mfupi ndo inajua unakanyaga kwenda wapi. Diski (kile kiduara cha sumaku) ikifungwa imegeuka, au sensa ya krenki ya kulia ikafungwa kushoto, hesabu inapinduka na unapata hayo uliyopata.

Dawa yake ni kuchomoa krenki ya kushoto na kuigeuza diski, uso uliokua unaangalia krenki sasa uangalie fremu. Tafuta pia kama ina mshale au herufi L na R, maana zingine zimeandikwa kabisa na watu hawasomi. Ukiigeuza alafu sensa ikawa haisomi kitu kabisa basi sumaku zake zinasomeka uso mmoja tu, irudishe ilivyokua na uhamishie seti nzima upande wa kulia kwenye cheni.

Hapo kwenye kuchomoa krenki simama na fundi wako usiende kunywa chai. Krenki za mtumba nyingi ni zile za mhimili wa pembe nne, unafungua bolti alafu unaingiza pula (kifaa cha kuchomolea krenki), na pula lazima izame kwenye uzi mpaka mwisho ndo uanze kusukuma, ikishika nyuzi mbili tatu inang'oa uzi wa krenki na hapo ndo utanunua kweli. Wanaotumia nyundo wasiiguse. Na kama mtahamia kulia na sensa yako ni ya pete inayobanwa chini ya kikombe cha beringi, kikombe cha kulia kwenye baiskeli nyingi kina uzi wa kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha kama mtu anayekaza. Nimeona fremu nzuri tu imeharibiwa hapo na mtu mwenye nguvu na spana ndefu. Kwa wenye Phoenix na zile zingine za chuma zenye krenki ya pini, kuna diski zinazokuja vipande viwili, unazibana kwenye mhimili bila kuchomoa krenki, nunueni hizo muokoe muda.

Ukimaliza angalia nafasi kati ya sumaku na uso wa sensa, iwe kama milimita 1 mpaka 3, na zungusha pedeli raundi nzima uone, maana diski ikiwa imekaa upande upande itasoma nusu ya mzunguko na nusu nyingine itapotea, mota inakua inakata kata unadhani betri ndo mbovu. Alafu huku kwetu kuna jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo: ule mchanga mweusi wa barabara za mlimani una chembe zinazovutwa na sumaku, buruta sumaku yoyote kwenye vumbi la Kibosho utaona inarudi na ndevu. Zinajikusanya kwenye diski mpaka zinasugua sensa, kwa iyo ukiosha baiskeli ipitishie na mswaki mkavu.

Sasa kuhusu betri kuisha, nisikudanganye. Sensa hii ni swichi tu, inajua pedeli zinazunguka, haijui unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Ukizungusha miguu kiuvivu bila kusukuma kitu, betri itaisha vilevile kama eksileta. Piga hesabu hivi, wewe na baiskeli na mzigo tuseme kilo 120, kila mita 100 za kwenda juu zinataka kama wati-saa 33, na mota ya habu ikienda polepole mlimani inapoteza mwingi kwa joto, kwa iyo weka 45 au zaidi. Betri yako nzima ni 360. Kiwango cha msaada kikiwa cha chini na wewe ukawa unasukuma kweli kwenye gia nyepesi, mtu wa kawaida anatoa wati 75 hadi 100 bila kuhema sana, na hapo ndo utaona tofauti. Weka 1 au 2 kwenye skrini, 5 ya nini na unaenda mlimani.

Na breki! Kama vishikio vyako vya breki havina swichi ya kukata mota vifungie kabla hujaanza kutumia sensa. Eksileta ukiiachia mota inakata palepale, ila sensa ya pedeli kontrola inasubiri kidogo ihakikishe mapigo yameisha kweli, na hiyo nusu sekunde ukiwa unashuka kuingia kwenye keepleft yenye bodaboda ni ndefu mno.

SWALI: Fundi mambo, niko Njiro Arusha. Nimenunua sensa ya pedeli, kabla sijaifunga nikaipima mezani kwa mita, nikaipa 5V kutoka chaja ya simu, napitisha sumaku na waya wa signo (unaopeleka mapigo kwa kontrola) unasoma sifuri tu. Muuzaji anakataa kunibadilishia. Nimepigwa?

JIBU: Poa kaka. Huenda hujapigwa. Sensa nyingi za aina hii zenyewe hazitoi umeme kwenye waya wa signo, zinauvuta chini tu, na ule wa kuupandisha unatoka ndani ya kontrola. Kwa iyo mezani bila kontrola utaona sifuri hata kama ni nzima. Ichomeke kwenye kontrola, washa, nyanyua tairi la nyuma lisiguse chini, weka mita kati ya waya mweusi na wa signo uzungushe krenki polepole, inatakiwa irukeruke kati ya karibu 0 na karibu 5. Ila kwanza pima nyekundu na nyeusi upate kama 5V, na usiamini rangi kabisa, signo naikuta ya bluu, ya kijani, ya njano, na plagi za viwanda tofauti zinaingiliana huku mpangilio hauendani. Ukiipa nyekundu na nyeusi kinyume ndo utakua umeiua mwenyewe na muuzaji atakua na haki.

SWALI: Bora nichukue sensa ya torki moja kwa moja? Na nikishafunga sensa, eksileta niitoe? – Sakina, Arusha

JIBU: Ya torki inapima nguvu ya mguu na ni tamu zaidi kuendesha, Yamaha walipotoa PAS (baiskeli ya kusaidiwa na mota) yao ya kwanza Japani mwaka 1993 ilikua inapima nguvu. Ila inabadilisha mhimili mzima wa krenki, unatakiwa ujue upana wa fremu yako hapo chini, milimita 68 au 73, na kontrola iwe ya kuielewa, ya kawaida haiisomi. Kama kit yako ni ya bei nafuu baki na ya sumaku, chagua diski ya sumaku 12, inashtuka mapema kuliko ya 6 kwa sababu pigo linakuja kila nyuzi 30 badala ya 60.

Eksileta usiitoe. Siku utakaposimama katikati ya mlima na ndoo mbili nyuma utaitaka ikuondoe pale kabla ya pedeli kukamilisha hata robo mzunguko.