Muulize Mwalimu: "Lethal" na herufi isiyo yake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilinunua dawa ya kupulizia kahawa kwenye duka la pembejeo hapa Moshi mjini. Binti yangu wa kidato cha tatu akasoma kwenye kibandiko "fatal", na daftari lake la baiolojia lina "lethal". Anasema ni kitu kimoja, tena "lethal" ni ndugu wa "lethargy", ule uchovu wa kusinzia. Ni kweli?
Mama wa Kibosho

JIBU: Marahaba, mama. "Lethal" na "lethargy" wanafanana sura tu, damu hawachangii.

Kwa Kilatini kifo ni "letum", na kitu cha kuua "letalis". Herufi h haipo. Baadaye waandishi wakakumbuka Lethe, mto wa kuzimu katika hadithi za Wagiriki, ambao wafu wakinywa maji yake husahau yote ya duniani. Wakaichomeka h, na neno likaingia kwenye Kiingereza katika karne ya 16. "Lethargy" ndiyo yenye asili ya usahaulifu wa Kigiriki. Nakiri kosa: miaka mingi nilisimama ubaoni nikiwasimulia wanafunzi huo mto kuwa ndio asili ya "lethal". Mliopita darasani kwangu mnisamehe, stori ilikuwa tamu.

"Fatal" ni ukoo mwingine, kutoka "fatum", yaani lililonenwa, majaaliwa. Ajali iliyokwisha kuua mtu ni "fatal". "Lethal" husema uwezo wa kuua: bunduki iliyofungiwa kabatini ni "lethal" hata kama haijamgusa mtu. Ndiyo maana wataalamu wa sumu wana LD50 (LD ni "lethal dose", dozi ya kuua; 50 ni asilimia), kipimo alichokileta mwanasayansi J. W. Trevan mwaka 1927: dozi inayoua nusu ya wanyama wa majaribio, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi. Hapo wanafunzi wengi hugeuza, muulize binti.

Kwa Kiswahili, "hatari" haitoshi. Transfoma ni hatari, mbwa wa jirani ni hatari, na vijana wakisikia wimbo mzuri nao ni hatari! Kanisani tunasema "dhambi ya mauti", na vitabuni kuna "-a kufisha". Kwa chupa yako sihitaji vyote hivyo. Chukua kalamu ya wino mzito, uandike juu ya kibandiko: INAUA UKIIMEZA.