Redio mpya bila kupoteza vitufe vya usukani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu ni la mwaka 2006. Lina redio ya CD iliyotoka nayo kiwandani, na kwenye usukani kuna vitufe vya kupandisha na kushusha sauti na vya kubadilisha wimbo. Nataka kuweka redio ya kioo cha kugusa yenye Bluetooth na kamera ya nyuma. Fundi wa kwanza ameniambia nivisahau vile vitufe, kwa kuwa vinaelewana na redio ya kiwandani tu. Wa pili anasema ninunue redio yoyote, atajua mwenyewe pa kuviunganisha. Nimsikilize yupi?

JIBU: Salama kabisa, ndugu yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote, mpaka mmoja wao atoe multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, mfukoni.

Vitufe vyako havijui ni redio gani iliyo mwisho wa waya. Katika magari mengi ya umri huo, kila kitufe kina rezista yake, yaani kipande kidogo chenye kiasi chake cha ukinzani, cha kuzuia umeme. Ukikibonyeza, waya mmoja unaunganishwa na ardhi, yaani upande hasi wa umeme wa gari, kupitia rezista hiyo. Redio inapeleka umeme mdogo kwenye waya huo, inaangalia volti zimeshuka kiasi gani, inajua umebonyeza nini. Ni kama watu wa nyumbani wanavyobisha hodi: kila mmoja ana namna yake ya kugonga, na unamtambua kabla hujafungua mlango. Redio mpya inachohitaji ni kufundishwa hodi hizo.

Ila si magari yote. Kampuni ya Bosch ilitambulisha mtandao wa data uitwao CAN mwaka 1986, na kufikia miaka ya 2000 magari mengi, hasa ya Ulaya, yalikuwa yakiutumia kwa mambo mengi, vitufe vya usukani vikiwemo. Humo kitufe hakipeleki ukinzani kwa redio. Kuna kompyuta ndogo karibu na usukani inayotuma ujumbe kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Gari lako la 2006 linaweza kuwa upande wowote, ndiyo maana fundi anayejibu kabla ya kupima anabahatisha, hata akipatia.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Redio ya zamani inachomolewa, plagi zake zinaachwa wazi. Kwa kutumia mchoro wa nyaya wa gari lako, fundi anatafuta nyaya za usukani. Kwenye Toyota nyingi zimeandikwa SW1, SW2 na SWG, hiyo ya mwisho ikiwa ni ardhi yao. Multimeta inawekwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani, ncha moja SW1, nyingine SWG, kisha unabonyeza kitufe kimoja kimoja. Seti moja ninayokutana nayo mara nyingi ni hii: wimbo wa mbele omu 0, wa nyuma karibu 330, kupandisha sauti karibu 1,000, kushusha karibu 3,100, na bila kubonyeza chochote karibu 100,000. Namba za gari lako zinaweza kuwa nyingine. Muhimu ni kwamba zinabadilika kwa kila kitufe na zinarudi zilezile ukibonyeza tena.

Zikirukaruka kwa kitufe kilekile, au zikipotea ukikata kona, mara nyingi tatizo ni utepe wa nyaya ulioviringwa nyuma ya usukani, ule mafundi wanaouita klokspringi. Aghalabu honi nayo huanza usumbufu, au taa ya mfuko wa hewa inawaka. Hapo tengeneza hicho kwanza. Na tafadhali, asiufungue usukani mtu asiyejua: mfuko wa hewa hufyatuka kwa umeme, kwa hiyo betri inachomolewa na kusubiriwa muda ambao kitabu cha gari kinaagiza, na nyaya za mfuko huo hazipimwi kwa multimeta kamwe. Kama vitufe vinafanya kazi vizuri leo na redio ya zamani, huna sababu ya kuugusa usukani; kazi yote inafanyika nyuma ya redio.

Sasa redio. Zile za Android kwa kawaida zina nyaya za KEY1 na KEY2, na humo kwenye mipangilio kuna ukurasa wa kufundisha vitufe: unabonyeza kitufe cha usukani, unagusa kazi unayotaka kifanye, unahifadhi. Kwa gari la rezista huhitaji kitu kingine. Redio za Pioneer na Sony nyingi zina tundu la milimita 3.5 nyuma, na Kenwood hutumia waya wa buluu wenye mstari wa njano. Hizi kwa kawaida hazisomi rezista za gari lako moja kwa moja, zinataka adapta katikati ya kutafsiri. Gari likiwa la CAN, adapta ni lazima, tena iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako. Adapta ya "magari yote" ambayo ndani ina nyaya za rezista tu haitasoma data ya CAN hata uiombee.

Kuhusu ukubwa, redio ya tundu moja la dashibodi ni milimita 180 kwa 50, na ya matundu mawili ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina nafasi ya upana wa milimita 200, ndiyo maana unaona vipande vya plastiki pembeni.

Niseme kosa langu mwenyewe. Kuna gari nililolifungia redio, nikaunganisha ardhi ya vitufe kwenye bodi badala ya kwenye SWG. Mchana kila kitu safi. Usiku mwenye gari akanipigia simu: akiwasha taa, nyimbo zinaruka zenyewe. Ardhi niliyochagua ilikuwa dhaifu. Umeme wa taa ulipopita hapo, redio ikasoma namba tofauti na zile nilizoifundisha mchana. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi, washa taa, feni na vipangusa kioo kwa pamoja, kisha jaribu kila kitufe mara kadhaa. Usukani uzungushe mpaka mwisho kushoto na kulia huku ukibonyeza.

Jaribio jingine ni kuzima gari kabisa na kuliwasha tena. Redio ikisahau vitufe kila asubuhi, karibu daima waya wa njano, unaotakiwa kuwa na umeme muda wote, umebadilishana nafasi na mwekundu, unaopata umeme ukifungua swichi. Nyaya za kiwandani hazifuati rangi za redio mpya, kwa hiyo anayeunganisha rangi kwa rangi ataingia mtegoni. Na kama gari lina amplifaya (kikuza sauti) ya kiwandani, redio ikiwaka lakini spika zikanyamaza, uliza kama waya wa kuiwasha amplifaya hiyo, ambao kwa kawaida ni wa buluu wenye mstari mweupe, umeunganishwa.

Kwa swali lako, basi: fundi wa kwanza amekata tamaa mapema, wa pili ana haraka. Mpe kazi wa pili kwa masharti mawili. Apime kabla hujanunua redio, ili matokeo ndiyo yachague redio na adapta. Na asikate plagi ya kiwandani. Kuna nyaya za kuunganishia zinazoingia kwenye plagi hiyo bila kisu. Redio ya zamani itunze kabatini kwa miezi michache. Ukitokea utata wowote, utairudisha kwa dakika 20 na vitufe vitaendelea kama zamani.