Anzeni na Tundu la Kutolea Maji: Kwa Wanaojifunza Kutengeneza Vyombo vya Kupandia Vinavyojimwagilia

Wengi wenu mnaokuja kujifunza kutengeneza vyombo vya kupandia vinavyojimwagilia, yaani vyenye akiba ya maji chini ambayo udongo wa juu huyavuta wenyewe, huuliza kwanza chombo kihifadhi maji kiasi gani ili mmea ustahimili kiangazi cha hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kinachoanza Desemba na kuendelea hadi karibu na Machi. Ni swali la haki, kwa kuwa maji tunayabeba kwa jerikani, na anayeyabeba anajua uzito wa kila lita. Hata hivyo, baada ya misimu kadhaa ya kutengeneza vyombo hivi uani kwangu, nawasihi mtangulize swali jingine: mvua kubwa ikinyesha, maji ya ziada yatatoka kupitia wapi? Chombo kinachokaa nje hupokea maji ambayo hamkuyamimina ninyi, na mimea niliyopoteza wakati wa mvua ni mingi kuliko iliyonifia wakati wa jua.

Vyombo vyangu vya kwanza vilikuwa ndoo sita za lita 20, kila moja ikiwa na nafasi ya maji chini, udongo juu, na tundu la kutolea maji lenye upana wa msumari. Mvua za Aprili zilipoanza, udongo uliyaziba matundu hayo, maji yakapanda hadi kwenye mizizi, na nyanya zikaanza kulegea majani. Nilipoona majani yamelegea nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Hajati mmoja, jirani yetu, alipita asubuhi, akaitikia shikamoo yangu, akauinamia mmea mmoja na kuniambia, “Mwanangu, huu haukosi maji. Ung'oe uunuse mzizi.” Niliung'oa. Mzizi ulikuwa wa kahawia, laini, na ulinuka kama tope la kinamasi.

Mizizi hupumua kama sisi, nayo hupata hewa kutoka katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kwa siku kadhaa, mzizi huoza na hauwezi tena kufyonza maji yanayouzunguka, ndiyo maana mmea uliozama na mmea wenye kiu hufanana kwa majani. Fanyeni hesabu kidogo mtaona ukubwa wa jambo lenyewe. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 hupokea karibu lita 3.5 iwapo itanyesha mvua ya milimita 50, na mvua ya namna hiyo inaweza kushuka kwa mchana mmoja. Ndoo hiyohiyo ikiwekwa chini ya ukingo wa bati, hupokea pia maji yanayotiririka kutoka paani.

Kwa hiyo tundu la kutolea maji ndilo ninaloliamua kwanza, na mengine yote hupimwa kutokea hapo. Hulitoboa ubavuni, sentimita 1 hadi 2 chini ya sakafu inayobeba udongo, ili baina ya maji na udongo ibaki daima tabaka nyembamba ya hewa. Upana wake usipungue milimita 10, na matundu mawili yanayotazamana ni bora kuliko moja, kwa sababu moja likiziba lingine hufanya kazi. Kabla ya kutia udongo, mimineni ndoo nzima ya maji kwa haraka ndani ya chombo kitupu na kuangalia: maji yakipanda hadi kwenye sakafu kabla ya kutoka, ongezeni tundu. Chombo nacho kikae sawasawa juu ya matofali au mbao, kwani kikiinama upande mmoja, upande wa pili huzama. Kama hamna pimamaji ya fundi, chupa iliyojazwa maji nusu na kulazwa ubavu huonyesha mwinamo vizuri kabisa.

Namna rahisi ya kupata sakafu ni kutumia ndoo mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani ikiwa imetobolewa kitako na kuinuliwa juu ya vipande vya chupa za plastiki vyenye kimo cha sentimita 8 hivi. Nafasi hiyo ya chini ndiyo hodhi, na katika ndoo ya kawaida huchukua lita 4 hivi. Mimi hukadiria kwamba mnyanya mkubwa wenye matunda unaweza kunywa lita 1 hadi 2 kwa siku ya jua kali, hivyo hodhi hilo humpa mkulima siku mbili au tatu za kupumzika, na kwa mche mmoja wa sukuma wiki huwa zaidi. Msivutwe na tamaa ya kulifanya hodhi liwe refu zaidi, kwa kuwa kila sentimita mnayoongeza chini mnaiondoa katika kina cha udongo, na maji yanapopungua yanakuwa mbali zaidi na mizizi.

Maji hupandaje? Kumbukeni taa ya utambi, ile ambayo Waganda huiita tadooba: mafuta hupanda katika utambi bila kusukumwa na mtu, na udongo mzuri hufanya hivyo hivyo kwa maji. Katikati ya sakafu mimi hukata tundu kubwa na kuning'iniza kikopo cha plastiki kilichotobolewa pande zote, kikafika chini kabisa ya hodhi, kisha hukijaza udongo uliolowa na kuushindilia kwa vidole. Kikopo hicho ndicho mguu wa chombo, na ndiyo sehemu pekee ya udongo inayoruhusiwa kusimama majini. Wengine hutumia vipande vya nguo badala yake. Pamba huoza udongoni baada ya muda mfupi, na kamba za nailoni nyingine ni laini mno hata maji hayapandi. Blanketi kuukuu la nyuzi za viwandani hudumu, lakini lijaribuni kwanza ndani ya kikombe cha maji.

Udongo ndio unaostahili muda wenu mwingi kuliko yote. Udongo mwekundu wa bustani, ukitiwa peke yake ndani ya chombo, hushikana na kukosa hewa. Mchanga mnene huacha hewa ipite lakini maji hupanda ndani yake sentimita chache tu. Mimi huchanganya sehemu mbili za mboji iliyooza barabara, sehemu moja ya udongo wa juu wa bustani na sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi bila kuwa majivu. Anayekosa maganda hayo anaweza kutumia chenga za mkaa. Unga wa mbao mbichi ninauepuka, kwa sababu unapooza hunyang'anya mmea naitrojeni. Mchanganyiko wowote mtakaoubuni, msiuamini kabla ya kuupima: kateni chupa ya plastiki inayopenyeza mwanga, toboeni kitako, jazeni udongo wenye unyevu kidogo, isimamisheni katika maji ya kina cha sentimita 3, na baada ya usiku na mchana tazameni unyevu umefika wapi. Usipofika sentimita 15, ongezeni mboji. Jaribio hili halina gharama, nami nasikitika kwamba nililifahamu baada ya kupoteza msimu mzima.

Bomba la kujazia hodhi, linalopita katika udongo hadi chini, linaweza kuwa la plastiki au la mwanzi, likatwe mshazari upande wa chini ili lisijizibe kwenye kitako. Kijiti kikavu kikitumbukizwa ndani yake huonyesha maji yaliyobaki. Mdomo wa bomba hilo na kila tundu la kutolea maji lazima vifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, kikafungwa kwa mpira. Katika nchi yetu ambako malaria bado inaua watoto, maji yaliyotulia ndani ya chombo kilicho karibu na dirisha ni hatari kwa nyumba nzima, kwa kuwa mbu hutoka katika yai hadi kuwa mzima kwa wiki moja au mbili hivi. Nimekwisha kukataa kumsaidia mtu kupanda kabla hajaweka chandarua, na nitaendelea kukataa.

Kuhusu vyombo vyenyewe, jerikani za manjano za mafuta ya kupikia zinafaa baada ya kuoshwa kwa sabuni. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu au ya magugu kisitumiwe hata kikioshwa mara kumi. Jua hufanya plastiki kuwa kavu na kupasuka, na hupasha moto maji ya hodhi. Gunia kuukuu lililozungushwa nje husaidia kwa yote mawili.

Mkishapanda, mwagilieni kutoka juu kwa siku saba hadi kumi, kwa sababu maji hayaanzi kupanda katika udongo mkavu, na mche mchanga bado hauna mizizi ya kufika chini. Baadaye, wakati wa kiangazi, mimineni maji mengi juu mara moja kwa mwezi hadi yatoke kwenye matundu, ili kuosha chumvi inayojikusanya juu kama unga mweupe; mvua zikirudi, huifanya kazi hiyo zenyewe.

Nyanya, biringanya, pilipili, sukuma wiki na nakati, mboga ya majani ya hapa Uganda, hustawi sana katika vyombo hivi. Vitunguu pia mimi hupanda humo, lakini majani yake yanapoanza kulala siongezi tena maji katika hodhi, kwa kuwa kitunguu kinachokomaa juu ya unyevu huoza shingo kabla hakijakauka.