Jibu: Tuanzie wapi usalama wa shule bila bajeti?

Mwalimu, salamu kutoka Lindi mjini. Umeuliza shule za wilaya za huku zianzie wapi kujiandaa kwa majanga wakati fungu hakuna. Mimi ningeanza na bweni, hata kabla ya kamati. Nenda usiku, wanafunzi wamelala, uulize ufunguo anao nani. Shule niliyowahi kufundisha alikuwa nao matroni peke yake, na nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja! Madirisha yote nondo. Shule ya sekondari Shauritanga kule Rombo, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Kwa hiyo mlango wa pili, unaofunguka kuelekea nje, na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Fundi wa mtaani anaweza.

Halafu zoezi la kutoka haraka. Rimu la gari mnalogonga kama kengele linatosha, ila mlio wa hatari uwe tofauti na wa chai. Chini ya mwembe mnakusanyika kwa moto tu. Upepo ukija, mwembe ndio adui. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu Mei 2024, barabara ya Dar ilikatika Somanga, kwa hiyo msitegemee msaada kufika siku hiyohiyo.

Namba ya zimamoto, 114, iandikwe ukutani. Kamati ya maafa ya kijiji ipo kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Mwombe mtendaji muingize mwalimu mmoja humo. Mabango ya semina yasubiri kwanza.