Maswali ya Wasomaji: Tutajuaje Kama Miwani Imemfaa Mtoto?

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 alipewa miwani ya kuonea mbali mapema mwaka huu. Kliniki wanasema akiivaa anasoma herufi zote hadi mstari wa 6/6, yaani kiwango cha kawaida cha kuona, lakini mimi namwona amekuwa mkimya, na kila akirudi kutoka shuleni miwani iko ndani ya begi. Je, kuna kipimo cha kuonyesha kama imemsaidia kuishi vizuri, mbali na kuona? (Mama mzazi, Tanga)

JIBU: Kipimo kipo, mama, na swali lako ni la haki kabisa. Chati ya herufi, ambayo asili yake ni kazi ya daktari Mholanzi Herman Snellen ya mwaka 1862, hupima jinsi jicho linavyotambua maumbo madogo kwa umbali uliopangwa. Haiwezi kukuambia kama mtoto anaumwa kichwa ifikapo saa sita, kama anaivua miwani wakati wa mpira, wala kama wenzake wanamwita bibi au babu. Shirika la Afya Duniani linaueleza ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, na kwa sababu hiyo hakuna chombo cha kuupima isipokuwa kumuuliza mhusika.

Kwa watoto wanaorekebishwa uwezo wa kuona, dodoso linalofahamika zaidi ni PREP, lililotengenezwa Marekani na Jeffrey Walline na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Lina kauli 26, na kwa kila moja mtoto hueleza anakubali au anakataa kwa kiasi gani. Majibu hubadilishwa kuwa alama kati ya 0 na 100, ambapo alama kubwa ni hali njema. Kauli hizo zinagusa kuona kwa karibu na kwa mbali, dalili za kusumbuliwa na macho, mwonekano wake, michezo, masomo, utunzaji wa miwani, kuridhika kwake, na jinsi anavyochukuliwa na wenzake. Yapo pia madodoso ya jumla, kama PedsQL yenye maswali 23 kuhusu mwili, hisia, urafiki na shule, lakini hayo hayaitaji miwani hata mara moja, na mtoto anayeona haya kwa ajili ya miwani anaweza kupita humo bila kugundulika.

Ninachosisitiza ni kwamba alama ya jumla isikutoshe. Watoto wawili wanaweza kupata jumla ileile, ilhali mmoja ameshuka kwenye utunzaji kwa kuwa fremu inamteleza puani, na mwingine ameshuka kwenye kipengele cha wenzake. Wa kwanza anamhitaji fundi miwani, wa pili anamhitaji mwalimu wa darasa, na hakuna atakayesaidiwa na kubadilishiwa lenzi. Tena, usimjibie mwanao hata kama unamjua vizuri namna gani, kwa maana mzazi huona daftari na matokeo, wala hayupo uwanjani wakati wa mapumziko.

Kwamba miwani hukaa begini si jambo la mwanao peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam, baada ya miezi 3 ni asilimia 47 tu ya waliopewa miwani bure waliokuwa wameivaa au wanayo shuleni, na miongoni mwa waliopewa cheti tu ili wakajinunulie wenyewe walikuwa asilimia 26. Gharama, basi, ni sehemu tu ya maelezo. Sehemu iliyobaki ndiyo tunayoitafuta kwa madodoso haya.

SWALI: Ninafundisha shule ya msingi. Naweza kulitafsiri dodoso la namna hiyo na kulitumia darasani? (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Unaweza, kwa idhini ya wenye dodoso, lakini si kwa usiku mmoja. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, mwingine asiyeliona dodoso la asili airudishe katika Kiingereza, kisha mkae na watoto wachache na kuwauliza wameelewa nini katika kila kauli. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi, mwalimu, ni malezi yetu: mtoto aliyefunzwa adabu huona vigumu kumwambia mkubwa wake kwamba hakitaki alichopewa, hasa kama anayeuliza ndiye anayeshika fimbo na kusahihisha mitihani. Aulizwe na mtu asiyemfundisha, faraghani, na majibu yake yasisomwe mbele ya wenzake. Mpime pia kabla ya kupewa miwani na si baada tu, la sivyo hamtajua kilichobadilika. Na wale walioacha kabisa kuivaa wasiachwe nje ya hesabu, maana wao ndio wenye mengi ya kueleza.

SWALI: Binti yangu wa miaka 11 anataka lenzi za kuvaa juu ya jicho (contact lens). Ni kweli huwafurahisha watoto kuliko miwani? (Baba, Dar es Salaam)

JIBU: Utafiti wa Marekani uitwao ACHIEVE uliwagawa kwa bahati nasibu watoto 484 wa miaka 8 hadi 11 wasioona mbali, wengine wakapewa miwani na wengine lenzi laini, wakafuatiliwa kwa miaka 3. Kujithamini kwao kwa jumla hakukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika, ila waliovaa lenzi walijiona bora zaidi katika mwonekano, michezo na kukubalika na wenzao. Kumbuka kwamba kila mtoto alijua amepewa nini, na hilo huweza kuyagusa majibu. Kama kinachomsumbua binti yako ni michezo au sura yake, lenzi zinastahili kufikiriwa. Kama ni maumivu ya kichwa, kwanza arudi kupimwa. Na kabla ya kununua, hakikisha anaweza kunawa kwa sabuni na kukausha mikono kila mara, kuzivua kabla ya kulala, na kutoziosha kamwe kwa maji ya bomba wala ya kisima, kwa kuwa maambukizi ya kioo cha jicho huweza kumwachia kovu la kudumu.