Mkuu, usimruhusu huyo fundi abonyeze "Clear TPM"

Kama kompyuta bado iko kwa fundi, mpigie sasa hivi umwambie asiiguse, halafu ndiyo urudi usome hapa.

Umeandika una laptopu ya HP EliteBook 840 G3, prosesa i5-6300U, Windows 10, na kila ukitaka kupanda kwenda Windows 11 inakataa. Fundi kakuambia shida ni TPM tu, kile kichipu cha usalama kinachotunza funguo ndani ya kompyuta, ni ya 1.2, ataingia kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka) aifute, aipandishe iwe 2.0, umpe elfu sitini. Nimesoma mara mbili, maana maneno ya fundi wako ndiyo hayo hayo niliyoambiwa mimi Septemba 2025, mwezi mmoja kabla Microsoft hawajaacha kuihudumia Windows 10. Hata prosesa ni hiyo hiyo yako. Yangu ilikuwa Dell Latitude E7470.

Mimi ndiye mtunza hesabu wa kikoba chetu huku Mbagala, wanachama 28. Tulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, nikalistaafisha nikaingiza kila kitu kwenye Excel: hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii. Miaka mitatu ya hesabu kwenye faili moja, kwenye mashine moja. Na kwa kuwa jirani yangu aliibiwa laptopu kwenye daladala, nikaona niifunge ya kwangu kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, ili mwizi asisome kitu. Iliponiuliza ufunguo wa akiba nihifadhi wapi, nikachagua akaunti ya Microsoft, nikaendelea na maisha.

Sasa sikia akaunti hiyo ilikuwa ya nani. Duka lililoniuzia mashine ndilo lililoiwasha mara ya kwanza. Kijana wa pale akafungua akaunti kwa baruapepe aliyoitunga mwenyewe pale kaunta, akaweka namba yake ya simu, akanipa PIN ya tarakimu nne. Miaka yote hiyo naingia kwa PIN, sijawahi kuulizwa paswedi. Maduka mengi mjini yanafanya hivi na yanaita huduma kwa mteja. Unalipia mashine yako, ufunguo wake unabaki kwa mtu mwingine, na hakuna anayekuambia.

Fundi akaingia BIOS mbele yangu. Akabonyeza "Clear TPM", akapandisha, akawasha. Kioo cha bluu. Inaomba ufunguo wa tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Nikamtazama, naye akanitazama. Akasema, "Kaka, ulikuwa umeweka paswedi?"

Swali hilo alitakiwa aniulize kabla hajagusa kitu! BitLocker huwa inakabidhi ufunguo wake kwa TPM, na TPM ndiyo inayofungua diski kila ukiwasha, kimya kimya, ndiyo maana hujui kama ipo. Ukiifuta TPM umemfukuza mlinzi na funguo zake mfukoni. Kinachobaki ni zile tarakimu 48, na kama huna, huna. Tulichomoa diski tukaipachika kwenye mashine nyingine, ikaomba tarakimu zile zile. Atakayekuambia anajua kuivunja anataka hela yako ya pili. TPM si sufuria ya kusugua ing'ae, na fundi asiyejua hilo asipewe bisibisi.

Nikapiga simu dukani. Yule kijana alishaacha kazi, namba yake haipatikani. Baruapepe yenyewe naikumbuka nusu, na hata ningeikumbuka yote, namba za uthibitisho zingekwenda kwenye simu yake. Fundi akaniambia maji yameshamwagika, tuipige Windows upya, elfu thelathini nyingine. Nikakubali siku ile ile. Kikao cha kikoba kilikuwa Jumapili, nikawa nataka tu mashine iwake.

Jumapili yenyewe sitaisahau. Tulikaa kwenye mkeka uani kwa mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, kila mtu na simu yake, tunasoma meseji za M-Pesa kwa sauti, moja moja, kujenga upya deni la kila mwanachama. Waliolipa kwa simu walikuwa na ushahidi. Waliokuwa wakinipa taslimu mkononi nikabaki naangaliana nao. Dada mmoja anasema mkopo wake aliumaliza mwezi wa sita, mimi nakumbuka amebakiza, na mama mwenyekiti ananiuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, daftari lile la zamani uliliweka wapi?" Tulifanya kazi hiyo Jumapili nne. Tulipovunja kikoba Desemba, pengo la shilingi 640,000 nililijaza mimi. Hakuna aliyenilazimisha, lakini ningewatazamaje?

Na yote hiyo ilikuwa kazi bure. Mashine ilipowaka na TPM yake mpya ya 2.0, nikaendesha programu ya Microsoft ya ukaguzi, ikakataa vile vile: prosesa haimo. Kwa Intel orodha ya Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, na wachache mno wa cha saba. i5-6300U ni ya sita, hiyo 6 baada ya kistari ndiyo inayosema. Iko hivyo tangu Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021. Kwa hiyo hata fundi wako akifanikiwa kila hatua, elfu sitini yako haikupeleki popote. Kuna njia za kuilazimisha iingie kwa flashi, ndiyo, lakini Microsoft hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itapata masasisho.

Basi kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka nichoke: hakuna mtu kugusa BIOS wala TPM ya kompyuta yako kabla hujaziandika tarakimu 48 kwenye karatasi, kwa kalamu, kwa mkono wako. Usiziache kwenye kompyuta hiyo hiyo. Usiseme "ziko kwenye akaunti" kama hujaingia kwenye akaunti hiyo ukaziona.

Unazipata hivi. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ikitokea Command Prompt ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ifungue kama administrator. Andika manage-bde -status uone kama diski C imefungwa. Usijiaminishe kwamba hujawahi kuiwasha, zipo kompyuta zinazojifunga zenyewe ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft. Ikiwa imefungwa, andika manage-bde -protectors -get C: na utaona mstari wa Numerical Password, chini yake tarakimu zako. Nakili, kisha mtu mwingine akusomee huku ukifuatisha kwa kidole. Tarakimu moja ikikosewa karatasi haina kazi. Ukiwa hapo hapo, nenda kwenye Settings, Accounts, uangalie baruapepe iliyopo ni ya nani. Kama ni ya duka, itoe leo, weka yako.

Mashine yenyewe usiitupe. Microsoft wameweka mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa Windows 10 ya watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, ukiwa na toleo la 22H2. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Sharti ni akaunti, kwa hiyo tunarudi pale pale: iwe yako.

Na kama fundi ameshabonyeza, na hicho kioo cha bluu unakitazama sasa hivi, usikubali aipige Windows upya, hata akikupunguzia bei. Zima, funga, weka kabatini. Diski ambayo haijafutwa inafunguka siku yoyote ufunguo ukipatikana, hata baada ya mwaka, na kila kitu kimo. Yule kijana wa dukani alinipigia wiki mbili baadaye. Alikuwa kwao Singida, simu iliharibika. Baruapepe aliikumbuka, akaunti ilifunguka, tukazisoma tarakimu zote 48 kwenye simu, yeye anataja, mimi naandika. Diski ya kuzitumia nilikuwa nimeshaifuta.